Kuvuka Ruvuma: Kufundisha Vita vya Msumbiji Jimbo kwa Jimbo

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na hasa wale watakaopangiwa shule za msingi za kusini mwa Tanzania, ambako habari za ukombozi wa Msumbiji bado zinasimuliwa nyumbani na barazani. Sisi tulio wakufunzi wa somo la historia tumekaa nyuma ya madarasa mengi, daftari mkononi, tukiwasikiliza wanachuo wetu wakiifundisha mada hii. Karibu wote huifundisha kwa njia moja. Mwalimu huandika ubaoni tarehe 25 Septemba 1964, shambulio la Chai. Hushuka mstari mmoja, akaandika jina la Eduardo Mondlane na tarehe aliyouawa, 3 Februari 1969. Hushuka tena, akaandika Samora Machel. Kisha huja Mkataba wa Lusaka, tarehe 7 Septemba 1974. Na mwisho kabisa 25 Juni 1975, uhuru. Watoto hunakili. Tarehe zote ni sahihi, na andalio la somo halina kasoro ambayo mkaguzi angeitia wino mwekundu. Hata hivyo mtoto hutoka darasani akidhani kwamba vita vile vilikuwa kama gari lililoondoka Chai asubuhi likafika mji mkuu jioni, bila pancha wala kona.

Vita havikwenda hivyo. Vilianza kaskazini, katika majimbo ya Cabo Delgado na Niassa. Vikajaribiwa Zambezia na Tete vikashindwa. Vikakaa miaka minne kabla ya kurudi Tete kwa mlango mwingine. Vikavuka Mto Zambezi. Vikaingia Manica na Sofala mwaka 1972. Na Zambezia, iliyokuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuingiwa na wapiganaji, ikangoja hadi Julai 1974 ndipo mapambano yalipofunguliwa humo upya. Kila jimbo lilikuwa na vita vyake, kwa sababu kila jimbo lina udongo wake, watu wake na mipaka yake. Mwalimu asiyelijua hili hana jibu la kumpa mtoto anayeuliza swali la kawaida kabisa: "Mwalimu, kama walikuwa wanashinda, mbona ilichukua miaka kumi?" Tumelisikia swali hilo mara nyingi, na mara nyingi pia tumesikia jibu lake: "Kaa chini, kengele imekaribia."

Tunapendekeza somo lianzie nje, chini ya mwembe, kwa ramani ya mchanga. Ramani ya ukutani, pale inapopatikana, ni ndogo mno na ina rangi nyingi mno. Mwalimu na achukue jembe, achore umbo la Msumbiji lenye urefu wa hatua kumi, kisha awape watoto kamba na vijiti. Kamba ya kwanza ni Ruvuma, mpaka wa kaskazini, mto wenye urefu wa karibu kilometa 800. Kamba ya pili ni Zambezi, inayoikata nchi katikati. Halafu atafute mti mrefu uliochongoka, aulaze kutoka kaskazini magharibi kuja katikati ya nchi: hiyo ni Malawi. Watoto wakiuona mti huo umelala pale, umeingia ndani ya Msumbiji kama kisu ndani ya muhogo, nusu ya somo imekwisha kueleweka kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Tuanze na Cabo Delgado, kwa kuwa huko ndiko tunakokujua zaidi. Ukisimama Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde, unaliona bonde la Ruvuma limelala chini yako, na ng'ambo yake vilima vya Msumbiji. Ng'ambo hiyo nako kuna uwanda wa juu, na watu wake ni Wamakonde vilevile. Mji wake ni Mueda, kama kilometa sitini kutoka mtoni kwa mstari ulionyooka. Hapo Mueda, tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya serikali kudai haki zao. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo: FRELIMO ilitaja mamia, watafiti wengine wametaja wachache zaidi. Tunawashauri wanachuo waseme hivyo hivyo darasani, kwamba inabishaniwa. Mtoto wa Darasa la Sita haangushwi na neno hilo. Yeye mwenyewe anajua kuwa hata idadi ya watu waliofika msibani juzi ina wabishi wake.

Vijana wengi wa ng'ambo walikuwa wamevuka kuja Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Huku waliona TANU ikikua, waliona vyama vya ushirika, na mmoja wa vyama vitatu vilivyoungana mjini Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kuwa FRELIMO, yaani MANU, ulitokana na watu kama hao. Vita vilipoanza mwaka 1964, FRELIMO ilikuwa na wapiganaji kama 250 tu waliokamilisha mafunzo, wa kwanza wao wakiwa wamefunzwa Algeria. Mwaka huo huo kambi ya Kongwa ilikuwa imefunguliwa, na baadaye ikaja Nachingwea, iliyokuwa kambi kuu ya mafunzo. Watu 250 dhidi ya dola! Hapa mwanachuo hutamani kuhubiri ushujaa. Asihubiri bado. Awaulize watoto kwanza: watu hawa walikula nini, na risasi zao zilifikaje?

Hapo ndipo somo linapokuwa tamu, nasi tutakaa hapo kwa muda. Kombora moja la mzinga mdogo wa milimita 82, silaha aliyokuwa nayo mpiganaji wa msituni, lina uzito wa kilo tatu hivi. Katika vijiji vya korosho mizani haikosi. Mwalimu na awaombe watoto wapime kilo tatu za mchanga katika kifuko, kisha wapime vifuko sita. Mchukuzi mzima, mwanamume au mwanamke, alibeba mzigo wa namna hiyo kichwani, akavuka mto kwa mtumbwi usiku, akatembea siku kadhaa akikwepa njia kuu. Makombora sita! Kikundi kikirusha makombora sitini katika asubuhi moja, wachukuzi kumi wamekwisha. Tumewahi kuona darasa zima likifanya hesabu hii mchangani kwa vijiti bila kuambiwa kuwa ni hesabu, na mtoto mmoja, aliyejulikana kwa usingizi wake, akasimama akatangaza kwamba "basi vita ni miguu." Hatujapata kusikia maelezo bora zaidi ya jambo hilo kutoka kwa mtu mwenye shahada.

Miaka michache iliyopita tuliwapeleka wanachuo wa mwaka wa pili kumwamkia bibi mmoja anayeishi upande wetu wa mto. Alizaliwa ng'ambo, na alikuwa msichana alipoanza kuchukua mizigo. Baada ya shikamoo nyingi na marahaba nyingi, mwanachuo mmoja alimwuliza kama alikuwa anaogopa ndege za Wareno. Bibi alimtazama kwa huruma. "Wajukuu zangu," alisema, "mzigo wa kwenda ulikuwa chuma, mzigo wa kurudi ulikuwa korosho. Ndege tulizizoea. Chumvi hatukuizoea kukosa." Akaeleza kuwa dukani ng'ambo, katika maeneo yaliyokombolewa, korosho, karanga na ufuta vilibadilishwa kwa chumvi, sabuni na nguo zilizotoka huku. Chumvi ikichelewa, wachukuzi walipungua. Nguo ikifika, walirudi. Wanachuo waliandika maneno yake, lakini tuliona wengine wamesita, kalamu hewani, kama kwamba chumvi inaushusha hadhi ukombozi. Kwa maoni yetu inaupandisha. Watu wale walikuwa na njaa na uchi, na wakabeba.

Mvua nayo iingizwe somoni, maana mtoto wa mkulima anaijua kuliko mwalimu wa mjini. Kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Aprili nyasi hurefuka, barabara za udongo huwa tope, mawingu huzuia ndege. Huo ulikuwa wakati wa mpiganaji wa msituni. Kiangazi, nyasi zikichomwa na magari yakipita, ulikuwa wakati wa jeshi la Kireno. Kwa hiyo tarehe za vita vile zina majira, na mwanachuo anaweza kuwapa watoto orodha ya matukio yasiyo na maelezo, akawataka waseme ni nani alishambulia, kwa kuangalia mwezi peke yake. Hawatapata yote, watapata mengi kuliko unavyodhania.

Niassa tutaipita upesi kidogo. Ni jimbo kubwa sana lenye watu wachache sana, Wayao na Wanyanja kwa wingi, na upande wa magharibi lina ziwa ambalo sisi twaliita Nyasa, ambako Wareno waliweka kituo cha majeshi ya maji huko Metangula. Vita vilianza huko pia mwaka 1964. Lakini tofauti na uwanda wa Mueda, ambako watu walikuwa wengi na walibaki, huku vijiji vingi vilihama kuvuka mpaka, na mpiganaji akabaki na msitu usio na shamba. Pale Cabo Delgado shida kubwa ilikuwa adui. Niassa shida kubwa ilikuwa umbali. Filipe Samuel Magaia, mkuu wa kwanza wa majeshi ya FRELIMO, aliuawa huko Oktoba 1966, naye Samora Machel akashika nafasi yake. Na huko huko, kijijini Matchedje, ndani ya ardhi ya Msumbiji, ulifanyika Mkutano Mkuu wa Pili wa FRELIMO mwezi Julai 1968. Kwa watoto, kichwa cha nchi kilikuwa sasa kimevuka mto. Waweke jiwe hapo.

Sasa tufike mahali ambapo wanachuo hupenda kuruka. Katibu wa FRELIMO katika jimbo la Cabo Delgado alikuwa Lazaro Nkavandame, mzee wa Kimakonde aliyewahi kuanzisha ushirika wa pamba huko uwanda wa juu mwishoni mwa miaka ya 1950. Yeye na wenyeviti waliokuwa chini yake ndio walioongoza biashara ile ya korosho na chumvi. Ugomvi ukazuka: wenzake walimshitaki kwamba maduka yanawanyonya wananchi, naye alitaka vita viongozwe kimkoa, Wamakonde wajikomboe kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1968 kuvuka Ruvuma kukawa hatari kwa wapiganaji wenyewe. Paulo Samuel Kankhomba, mmoja wa makamanda, aliuawa ukingoni mwa mto mwezi Desemba. Mwaka 1969 Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno. Baada ya uhuru alikamatwa, akawekwa kizuizini pamoja na Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, na wengine, nao waliuawa bila kuhukumiwa katika mahakama ya wazi. Habari za vifo hivyo zilifichwa kwa miaka mingi.

Je, haya yasemwe kwa watoto? Tumebishana sana juu ya jambo hili chumbani mwetu, na mjadala umekuwa mkali. Wapo kati yetu waliosema kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili apewe kwanza mashujaa, wasaliti waje sekondari. Hoja hiyo ina uzito; mtoto anahitaji kitu cha kukishika. Lakini huko kusini mtoto huyu hasubiri sekondari. Babu yake alimjua mwenyekiti fulani, shangazi yake aliolewa katika ukoo fulani, na neno "msaliti" limekwisha kutua nyumbani kwake kabla halijafika shuleni, pengine juu ya kichwa cha mtu anayempenda. Mwalimu akinyamaza, mtoto ataelewa kuwa shule haijui, au inajua na inaogopa. Tulikubaliana hatimaye kwamba ugomvi wa Cabo Delgado ufundishwe kwa swali ambalo watoto wanaliweza: nani agawe faida ya korosho, na vita ni vya nani, vya kabila lililo mpakani au vya nchi nzima? Kuhusu vifo vya baada ya uhuru, tulikubaliana visemwe kwa sentensi moja ya kweli, bila kupambwa na bila kufichwa. Mwenzetu mmoja hadi leo hajaridhika, naye tunamheshimu.

Turudi kwenye ramani. Kutoka Ruvuma hadi Zambezi ni safari ndefu mno kwa miguu na mzigo kichwani, na kusini mwa uwanda wa Mueda wapiganaji walikutana na nchi ya Wamakua, ambako Wareno walifanya kazi kubwa ya kuchochea uhasama kati yao na Wamakonde. Kwa hiyo kaskazini kulikuwa kama chumba chenye mlango mmoja. Njia ya pili ilikuwa ile ya Malawi, na ule mti mliouweka mchangani sasa unaanza kusema. Zambezia, yenye watu wengi na mashamba makubwa ya chai na minazi, inapakana na Malawi. Wapiganaji waliokwenda huko mwaka 1964 hawakuwa na njia ya kupitishia silaha, kwa sababu serikali ya Malawi chini ya Kamuzu Banda, ambayo bidhaa zake zilipita katika bandari ya Wareno ya Beira, haikutaka ugomvi na Wareno. Mwaka 1965 mapambano ya Zambezia na Tete yalisimamishwa. Tunawaomba wanachuo wamwache mtoto akae na ukweli huu kwa dakika nzima: watu walijaribu, wakashindwa, wakarudi. Katika vitabu vingi vya shule kushindwa huku kuna nusu mstari.

Mlango wa Tete ulikuja kufunguka kwa upande wa Zambia. Silaha zilitoka bandari ya Dar es Salaam, zikasafiri kwa lori karibu kilometa 2,000 hadi Lusaka, zikaendelea mashariki mwa Zambia, ndipo zikapanda vichwani. Tarehe 8 Machi 1968 mapambano yalianza upya Tete. Wakati huo huo Wareno walikuwa wanajiandaa kujenga bwawa kubwa la Cahora Bassa juu ya Mto Zambezi katika jimbo hilo hilo, na ujenzi ulianza mwaka 1969. Bwawa lilijengwa likaisha. FRELIMO haikulizuia, na mwanachuo asiseme ilizuia. Lakini bwawa halikimbii. Lazima lilindwe usiku na mchana, na barabara zake zilindwe, na kila mfuko wa saruji ufuatane na askari. Kila askari aliyelinda saruji hakuwepo mahali pengine.

Mwaka 1970, mwezi Julai, yaani kiangazi, Jenerali Kaúlza de Arriaga alikusanya maelfu ya askari, helikopta na mizinga, akaushambulia uwanda wa Wamakonde kwa operesheni ambayo Wareno waliiita Fundo la Gordio. Kambi kubwa za FRELIMO zilitekwa. Gazeti lolote lingeweza kuandika kuwa Wareno wameshinda, na kwa maana moja walishinda. Waondoeni sasa watoto wanaowakilisha jeshi la Kireno kutoka kote mchangani, warundikeni Mueda. Halafu waulizeni wenzao waliobaki: ninyi mngekwenda wapi? Hakuna darasa tulilopata kulitazama ambalo halikuonyesha kidole Tete. Ndivyo ilivyokuwa. Wapiganaji walitawanyika kaskazini, na ilhali nguvu za adui zimekusanyika Cabo Delgado, wengine walikwisha kuvuka Zambezi kwenda kusini. Hapa ndipo mtoto anapoona kwamba jimbo moja lilipigana kwa niaba ya lingine, na kwamba yule bibi wa chumvi, bila kujua, alikuwa akipigana Tete.

Kuna mambo mawili magumu katika vita vya Tete ambayo hatuna budi kuyagusa.

La kwanza ni vijiji. Ili kuwatenga wananchi na wapiganaji, Wareno waliwahamisha mamia ya maelfu ya watu katika majimbo ya vita, wakawaweka katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa. Mwanachuo wetu mmoja, kijana hodari, alikuwa akilieleza hili kwa ufasaha mkubwa pale msichana wa dawati la mbele aliponyosha mkono: "Mwalimu, bibi anasema na sisi tulihamishwa." Darasa likawa kimya. Lilikuwa swali la haki. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 watu wengi wa Tanzania walihamishwa, wengine kwa nguvu, na kandokando ya Ruvuma vijiji vingine vilikuwa vimewekwa pamoja tangu mapema kwa sababu za ulinzi pia, maana upande wetu nao ulipata mabomu ya kutegwa ardhini na makombora ya Wareno. Kijana yule hakukasirika. Alichora ubaoni mistari miwili, akawaambia watoto waandike kushoto yanayofanana na kulia yanayotofautiana. Kushoto waliandika: kuacha mashamba, kuacha makaburi, nyumba kuchomwa. Kulia waliandika: nani alikuwa na bunduki, shule ilijengwa au haikujengwa, ua wa miba, ruhusa ya kutoka. Hakuwaambia mstari upi ni mrefu zaidi. Alama tulizompa siku ile tusingependa kuzitaja hapa, lakini zilikuwa nzuri.

La pili ni Wiriyamu. Tarehe 16 Desemba 1972, karibu na mji wa Tete, makomando wa jeshi la Kireno waliwaua watu karibu 400 wa Wiriyamu na vijiji jirani vya Chawola na Juwau, wanawake na watoto wakiwemo. Mapadri wamisionari walikusanya habari na majina, na Julai 1973 dunia ilizisoma katika gazeti la The Times la London. Kwa watoto wa shule ya msingi tunashauri majina ya vijiji hivyo vitatu yaandikwe ubaoni, tarehe itajwe, na ielezwe jinsi habari zilivyotoka: nani aliona, nani aliandika, nani alibeba karatasi, nani alikanusha. Namna watu walivyouawa isisimuliwe. Tumemwona mwalimu mwenye kipaji cha kusimulia akiwaliza watoto thelathini, nasi hatukuona wamejifunza nini zaidi ya kumwogopa.

Hapa pia huulizwa: askari hao walikuwa akina nani? Watoto hudhani wote walitoka Ureno. Kufikia mwaka 1973 zaidi ya nusu ya askari wa jeshi la Kireno nchini Msumbiji walikuwa wameandikishwa humo humo nchini, na wengi wao Waafrika. Wengine walilazimishwa, wengine walifuata mshahara, wengine walikuwa na visasi vyao. Jambo hili huwasumbua watoto kuliko helikopta zote, na ni vizuri liwasumbue.

Julai 1972 mapambano yalifunguliwa Manica na Sofala. Chukueni sasa kamba nyingine, muiweke kutoka Beira kwenda magharibi: ndiyo reli inayopanda hadi nchi iliyoitwa Rhodesia wakati ule. Kando ya reli hiyo walikaa walowezi wa Kireno ambao kwa miaka minane walikuwa wakisoma vita gazetini kama habari za kaskazini, mbali. Mwanzoni mwa mwaka 1974 reli ilishambuliwa, na Januari mwaka huo walowezi wa Beira waliandamana mitaani, hasira zao wakizielekeza kwa jeshi lao wenyewe kwamba limeshindwa kuwalinda. Maofisa wa jeshi hilo, waliochoshwa na vita vitatu kwa pamoja, Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau ambako PAIGC ilikwisha kutangaza uhuru Septemba 1973, waliipindua serikali ya Lisbon tarehe 25 Aprili 1974. Mwanachuo na awe mwangalifu: Msumbiji haikuiangusha Lisbon peke yake, wala uhuru haukuletwa na Lisbon kama zawadi. Kamba zote mlizozilaza mchangani zilivuta.

Zambezia ilifunguliwa tena Julai 1974, miezi miwili kabla ya Lusaka. Kwa kawaida tunampa mtoto aliyekaa katika jimbo hilo tangu mwanzo wa somo, asiye na kazi yoyote, aliyekuwa akilalamika kuwa amesahauliwa, ndiye aeleze kwa nini alingojeshwa miaka kumi. Akiutaja ule mti wa Malawi na uzito wa vifuko vya mchanga, basi amepata. Ramani ifanywe kipindi cha kwanza au cha pili, kabla jua halijawa kali, na vifuko virudishwe kwa mwenye mizani siku hiyo hiyo, la sivyo mwaka ujao hatawaazima.